Kukauka Si Kufa: Kufundisha Uhifadhi wa Bakteria Wenye Manufaa

Makala haya yamekusudiwa wanachuo watakaofundisha Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Habari za vijidudu huwafikia watoto mapema, lakini mara nyingi huwafikia kwa upande mmoja tu: nawa mikono, chemsha maji, funika chakula. Mafunzo hayo ni ya lazima, wala hatuna nia ya kuyapunguzia uzito. Hata hivyo, mtoto anayeondoka shuleni akiamini kwamba kila bakteria ni adui hataweza kueleza jinsi mtindi unavyoganda nyumbani kwao, wala hataelewa kwa nini chanjo husafirishwa ndani ya sanduku lenye barafu. Kwa hiyo tunapendekeza vipindi viwili au vitatu juu ya jinsi bakteria wenye manufaa wanavyokaushwa na kuhifadhiwa wakiwa hai.

Ugumu wa mada hii hauko katika maneno mapya. Uko katika jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: unga wa bakteria walio hai na unga wa bakteria waliokufa una sura moja na rangi moja. Picha ya ubaoni haisaidii hapa, na maelezo ya mwalimu peke yake humtaka mtoto asadiki tu. Inafaa basi kuanza na jaribio.

Kwa kuwa unga wa bakteria wa maziwa haupatikani kila mahali, tutumie hamira kavu ya dukani. Mwalimu awaambie wanafunzi wazi kwamba hamira si bakteria bali ni aina ya kuvu, na kwamba kwa kawaida hukaushwa kwa hewa ya uvuguvugu, si kwa kugandishwa. Inatufaa kwa sababu nayo ni kiumbe hai kilichokaushwa. Chukua chupa mbili za soda. Katika ya kwanza tia maji ya uvuguvugu, sukari na kijiko kimoja cha hamira. Katika ya pili tia vitu hivyo hivyo kwa kipimo kile kile, ila hamira yake iwe imechemshwa kwanza katika maji na kuachwa ipoe. Vika kila chupa puto mdomoni. Katika muda wa saa moja hivi puto la kwanza litaanza kusimama, na la pili litabaki limelala. Kama mwalimu anayo hamira ya zamani iliyokaa wazi kwa miezi, aiweke katika chupa ya tatu na kuwataka wanafunzi watabiri matokeo kabla ya kuyaona. Jibu hutofautiana, na hilo halina ubaya wowote. Mwalimu asitangaze mapema kile ambacho chupa yenyewe itakisema.

Siku inayofuata tuwarudie bakteria wenyewe. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha yagawe katika vikombe viwili safi. Kimoja kitiwe kijiko cha mtindi mbichi, na kingine kijiko cha mtindi uliochemshwa ukapoa. Funika vikombe, vizungushie blanketi, viache hadi kesho yake. Kikombe cha kwanza kitakuwa kimeganda. Maziwa ya kikombe cha pili yasinywewe na mtu yeyote, kwani hayakupata bakteria wa kuyalinda.

Baada ya hapo darasa liko tayari kuuliza: je, tukitaka kuwapeleka bakteria hao mbali, tufanyeje? Huenda mwanafunzi mmoja akapendekeza waanikwe juani kama dagaa. Wazo hilo lisidharauliwe, maana msingi wake ni sahihi. Bakteria asipopata maji hula kidogo sana au hali kabisa, na shughuli zake za ndani husimama. Lakini jua huleta joto na mwanga unaodhuru, na maji yanapopungua polepole, chumvi na asidi zilizobaki huwa kali zaidi na kumharibu bakteria kabla hajakauka.

Wanasayansi walipata njia nyingine: kugandisha kwanza, kisha kuiondoa barafu bila kuiacha iyeyuke. Wafaransa d'Arsonval na Bordas waliieleza mwaka 1906, na Shackell wa Marekani mwaka 1909. Barafu ikiwekwa katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, hugeuka mvuke moja kwa moja. Mwanafunzi akishangaa, mwonyeshe kidonge cheupe cha naftalini kinachowekwa kabatini kufukuza nondo: hupungua siku hadi siku, wala hakiachi tone la maji. Hata barafu ya kilele cha Kibo, penye hewa baridi na kavu, hupotea kwa sehemu kubwa kwa namna hiyo.

Kugandisha nako kuna hatari yake. Vipande vya barafu huweza kuupasua utando wa seli, na maji yanapogeuka barafu, chumvi hukusanyika katika maji machache yaliyosalia. Ndiyo sababu bakteria huchanganywa kwanza na maziwa yaliyoondolewa mafuta, au sukari, au vyote viwili. Molekuli za sukari hukaa katika utando mahali palipokuwa na maji, zikauzuia usijikunje na kupasuka. Tena sukari hiyo ikikauka haifanyi chembechembe. Huwa ngumu kama kioo na kumshika bakteria asitikisike.

Hapa peremende ni zana bora kuliko mchoro wowote. Peremende ngumu ni sukari iliyo katika hali hiyo ya kioo. Iache wazi wakati wa masika, nayo itaanza kunata, kwa sababu imevuta unyevu wa hewa na kioo chake kimelegea. Pakiti ya bakteria iliyofunguliwa hupatwa na jambo hilo hilo. Unyevu ukiingia, kioo hulegea, shughuli za ndani huanza tena pasipo chakula cha kutosha, na oksijeni ya hewa hushambulia mafuta ya utando. Joto huharakisha yote hayo. Kwa hiyo pakiti hufungwa kwa karatasi ya madini isiyopitisha hewa wala unyevu, na huwekwa mahali pa baridi. Tunaona kwamba sehemu hii ya uhifadhi inastahili muda mrefu kuliko habari za mitambo, kwa kuwa mtoto hatakutana na mtambo wa ombwe, lakini pakiti atakutana nayo.

Na chanjo pia. Wanafunzi wengi wana kovu dogo mkononi lililotokana na chanjo ya kifua kikuu. (Asiye na kovu asiaibishwe, kwani wengine huchanjwa na kovu lisibaki.) Chanjo hiyo, BCG, ni bakteria hai waliodhoofishwa. Calmette na Guérin walianza kazi hiyo mjini Lille mwaka 1908, wakawahamisha bakteria hao kutoka chakula hadi chakula mara 230 kwa muda wa miaka 13, na mtoto wa kwanza akapewa chanjo mwaka 1921. Chanjo ya majimaji ilibidi itumike katika muda mfupi. Ilipokaushwa kwa kugandishwa iliweza kusafiri mbali, mradi ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi na ikingwe na mwanga. Ikishachanganywa na kimiminika chake hutumika ndani ya saa 6 tu, na inayosalia hutupwa. Mama anayeambiwa arudi siku nyingine, kwa sababu kichupa hakifunguliwi kwa ajili ya mtoto mmoja, huona anasumbuliwa. Kumbe sababu ni saa hizo 6.

Kwa kuwa jicho haliwezi kutambua chanjo iliyoharibiwa na joto, vichupa vingi siku hizi hubandikwa alama ya duara yenye mraba mweupe ndani yake. Mraba huo huwa mweusi kadiri joto linavyozidi na siku zinavyopita. Ukifikia weusi wa duara, chanjo haitumiki. Mwalimu achore alama hiyo ubaoni katika hatua zake nne, kisha aulize ni kichupa kipi kitumike kwanza.

Mwisho, neno kuhusu lugha ya darasani. Wanafunzi watasema bakteria “wamefufuka” walipotiwa majini. Wasahihishwe kwa upole: waliofufuka ni lazima wawe walikufa, na wale wa chupa ya pili hawakurudi.