Kura ya aliye mbali na kwao: somo kwa familia zilizohama na viongozi wao



Katika vikao vyetu na familia zilizohama, swali moja linarudi kila mara uchaguzi unapokaribia. Mama mmoja alituuliza kama kura yake ilibaki kijijini pale alipojiandikisha, ao alikuja nayo kambini. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Wengi walikuwa na swali hilohilo moyoni.

Somo hili linajaribu kujibu. Tutaangalia haki yenyewe, kisha namna nchi mbili zilivyofanya kwa watu waliokuwa mbali na kwao: askari wa Marekani pamoja na familia zao, na wahamishwa wa vita vya Bosnia. Mwishoni tutarudi kwetu Kongo.

1. Haki ni ya mtu, si ya nyumba

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 5, inasema kwamba wachaguzi ni Wakongomani wote, wanaume na wanawake, waliotimiza miaka 18 na wenye haki zao za kiraia na za kisiasa. Haisemi kwamba ni lazima mtu awe amelala nyumbani kwake. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wahamishwa wa ndani zinasema vilevile: aliyehama anabaki na haki ya kupiga kura. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009, unaagiza serikali zichukue hatua ili haki hiyo itumike kweli.

Lakini haki ni kitu kimoja, na njia ya kuifikia ni kitu kingine. Kwetu, mchaguzi anapiga kura kwenye kituo alichojiandikishia. Vita ikimkimbiza, karte anayo mkononi lakini kituo kiko nyuma ya barabara asiyoweza kupita.

Tumeona matokeo yake. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, kura za Beni, Butembo na Yumbi ziliahirishwa hadi mwezi wa Machi 2019. Raisi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla ya wakaaji wa sehemu hizo kupiga kura. Wachaguzi zaidi ya milioni moja hawakuhesabiwa katika kumchagua Raisi. Mwaka 2023 uchaguzi haukufanyika katika teritwari za Masisi, Rutshuru na Kwamouth, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Sehemu zilizoumia zaidi na vita ndizo zilizokosa kuchagua wa kuzisemea Kinshasa.

2. Askari wa Marekani: kura inamfuata mtu, lakini inahesabiwa kwao

Swali la mama yule si geni duniani. Marekani ililikuta wakati wa vita vyao vya ndani. Mwaka 1864, majimbo mengi ya Kaskazini yaliwaruhusu askari wapige kura wakiwa vitani. Baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, sheria ya mwaka 1942 iliwafungulia njia askari waliotawanyika duniani. Sheria inayotumika leo ni ya mwaka 1986. Inawahusu askari, wake ao waume zao na watoto wao waliofikia umri, pamoja na raia wote wanaoishi nchi za nje.

Inafanya kazi hivi. Mwenye haki anajaza fomu moja na kuituma kwenye ofisi ya uchaguzi ya mahali alipokuwa akikaa kabla ya kuondoka. Ofisi inamtumia karatasi ya kura. Anaijaza kwa siri, anaifunga katika bahasha, anatia sahihi juu ya karatasi ya kiapo na kuirudisha. Kama karatasi imechelewa, ana ruhusa kutumia karatasi ya dharura na kuandika majina ya wagombea kwa mkono. Mke wa askari aliye Ujerumani anapiga kura yake hukohuko, lakini kura ile inahesabiwa Texas ao Florida, kule kwao.

Hata hivyo ilionekana kwamba sheria bila muda haitoshi. Karatasi nyingi zilikuwa zinachelewa njiani. Kwa hiyo mwaka 2009 sheria iliongezwa: katika uchaguzi wa taifa, karatasi zitumwe angalau siku 45 kabla. Na kura hizi si za kudharauliwa. Mwaka 2000, mgombea aliyeshinda uraisi alishinda Florida kwa tofauti ya kura 537 tu. Mabishano yalikuwa makali, na sehemu moja ya mabishano ilikuwa bahasha zilizotoka ng'ambo, kwa sababu nyingine zilikosa muhuri wa posta.

Tunachukua mafundisho mawili hapa. Kwanza, aliye mbali anaweza kupiga kura kwa ajili ya kwao bila kurudi kwao. Pili, jambo hili linatengenezwa mapema.

3. Bosnia: kura ya waliofukuzwa, na hatari yake

Askari wa Marekani anatumwa na serikali yake, na nyumba yake inamngoja. Mhamishwa yuko tofauti: aliyemfukuza huenda ndiye anayetawala kijiji chake sasa. Kwa hiyo mfano wa Bosnia unatukaribia zaidi.

Vita vya Bosnia, kuanzia 1992 hadi 1995, viliwang'oa watu zaidi ya milioni mbili. Mapatano ya amani ya Dayton yaliweka kanuni kwamba mhamishwa ahesabiwe mchaguzi wa mahali alipoishi mwaka 1991, kabla ya vita, hata kama anapigia kura mbali. Lakini kulikuwa na fomu nyingine: mtu aliweza kuchagua mji anaotaka kukaa baadaye. Vyama vikaona nafasi. Wahamishwa walisukumwa wajaze fomu hiyo ili kuongeza hesabu ya kabila lao katika miji iliyotekwa. Wengine walitishwa kwamba watakosa msaada. Mwaka 1996, wasimamizi wa kimataifa waliahirisha uchaguzi wa miji kwa sababu ya udanganyifu huo.

Ulifanyika Septemba 1997. Katika mji wa Srebrenica, ambako wanaume na vijana zaidi ya elfu nane waliuawa mwaka 1995, waliookoka walipiga kura wakiwa mbali, na vyama vyao vikapata viti vingi katika baraza la mji. Kura peke yake haikuwarudisha nyumbani. Ilichukua miaka kabla ya familia kuanza kurudi. Lakini ilisema mbele ya wote kwamba mji ule bado ni wao pia.

Jambo hili latugusa sisi. Nchini kwetu, viti vya bunge la taifa vinagawanywa kufuatana na hesabu ya walioandikishwa katika kila sehemu. Kama wakaaji wa teritwari moja wamekimbia na kujiandikisha kwingine, kwao kunapoteza uzito, na walikokimbilia kunaongezeka. Ndipo wenyeji wananung'unika kwamba wageni wanakuja kuwachagulia viongozi. Na wageni wananung'unika kwamba kwao kumefutwa. Tumesuluhisha ugomvi wa namna hii, na tunajua unaweza kufika mbali.

4. Hali yetu leo

Kwa mara ya kwanza, mwaka 2023, Wakongomani wanaoishi nje walipiga kura katika nchi tano: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Walimchagua Raisi tu. Nchi jirani, ambako wakimbizi wetu ni wengi, hazikuwemo. Hata hivyo ni hatua: imekubalika kwamba kura inaweza kupigwa mbali.

Kuhusu askari, sheria yetu inatofautiana na ya Marekani. Wanajeshi na polisi wa Kongo hawapigi kura. Lakini mke wa askari si askari. Ana haki yake nzima. Anapomfuata mume aliyehamishwa toka kambi moja hadi nyingine, naye anaacha kituo chake nyuma, sawa na mhamishwa wa vita. Katika vikao vya wahamishwa, mama huyu mara nyingi hakaribishwi, kwa sababu watu wanamwona kuwa mtu wa serikali. Tumkaribishe: shida yake na yetu ni moja.

5. Tufanye nini?

Kwanza, tutunze karte ya uchaguzi. Kwetu inatumika pia kama kitambulisho. Kila mtu mzima, mwanamke kama mwanaume, awe na karatasi kwa jina lake mwenyewe. Aliyepoteza karte aulize CENI juu ya duplikata sasa, si siku ya mwisho.

Pili, kamati ijue hesabu ya wachaguzi walio kambini na vituo walivyojiandikishia. Lakini tuwe waangalifu. Liste yenye majina na asili ya watu inaweza kuua ikifika mikononi mwa wenye silaha. Kwa kazi ya kutetea haki, hesabu kwa kila kituo inatosha. Majina yasibandikwe ukutani, na mtu asiulizwe chama chake.

Tatu, tuseme mapema. Barua kwa CENI na kwa wabunge ipelekwe kabla uandikishaji haujaanza. Iombe jambo moja lililo wazi: waliohama waweze kupiga kura walipo, na kura zao zihesabiwe kwa ajili ya kwao.

Nne, kiongozi asikusanye karte za watu. Chefu, mchungaji ao raisi wa kambi anayesema « watu wangu watampigia fulani » ameuza kisicho chake. Unga na mafuta ya msaada havina bei ya kura. Atakayewatisha hivyo, semeni kwa shirika linalogawa.

Tano, tuzungumze na wenyeji waliotupokea. Tuwaeleze kwamba tukiomba kuchagulia kwetu, hatuchukui kiti chao. Mara nyingi ugomvi unapoa pale jambo hili linapoeleweka.

Kwa mama aliyetuuliza, jibu letu ni hili: haki ya kura ulikuja nayo, mama. Kilichobaki kule ni njia ya kuitumia. Kuidai njia hiyo kwa maneno na kwa barua, bila silaha, ni kazi ya amani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika kambi yetu, ni watu wangapi wana karte, na wangapi wamepoteza?
- Tungependa kumchagua mbunge wa kwetu ao wa hapa? Kila upande una faida na hatari gani?
- Tutalindaje siri ya kura ikiwa tunapiga kura kambini?
- Wake za askari na wenyeji waliotupokea, tutawakaribisha lini katika mazungumzo haya?