Minofu ya Sangara kwa Karanga: Somo la Nusu Saa

Bumu likikaribia kuisha, mageto mengi hulijibu swali la "leo tunakula nini?" kwa chai na andazi. Anayeumia ni yule anayekesha na vitini mpaka saa nane usiku. Wanachuo wenzangu, nina pendekezo lingine: minofu ya sangara iliyovikwa karanga. Inalisha watu 4, haihitaji ovena, na jiko la mtungi mdogo wa gesi linatosha kabisa.

Hapa Mwanza tumezoea kuona viwanda vikisafirisha minofu kwenda Ulaya, mtaani tukibaki na mapanki. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani minofu si chakula cha mwanachuo. Lakini nusu kilo mkichangia watu wanne inawezekana, kwa sababu karanga zina mafuta na protini: kipande kidogo kinashibisha.

Nasoma ualimu, kwa hiyo kila hatua nitaitolea sababu. Mapishi ya kukariri hukwama siku kiungo kimoja kikikosekana.

Mahitaji: minofu nusu kilo, ikatwe vipande 4, karanga mbichi kavu kikombe 1, slesi 2 za mkate uliokauka, yai 1, unga wa ngano vijiko 2, ndimu 1, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga na mafuta kiasi.

Kwanza, chagua karanga. Zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, kwani huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaangwa. Uliza pia kama kuna mwenye mzio wa karanga, samaki au mayai. Hilo si la kufanyia utani.

Pili, paka samaki chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Dakika 10 zinatosha. Ukizidisha, ndimu inaanza kubadilisha nyama. Kisha mfute akauke, maana maji ndiyo yanayobandua karanga.

Tatu, twanga karanga mpaka zifanane na chenga za mchele. Ukiendelea, mafuta yanatoka na unapata siagi ya karanga. Usizikaange kabla, zitaiva kikaangoni. Changanya na mkate uliosagwa.

Nne, panga sahani 3: unga, yai lililopigwa, karanga. Unga unanyonya unyevu, yai linashika kama gundi, karanga zinanata kwenye yai. Kandamiza kwa kiganja, halafu acha dakika 5 vishikane.

Tano, kaanga kwa moto wa wastani, maana karanga huungua upesi kuliko samaki anavyoiva. Kipande chenye unene wa sentimita 2 kinataka kama dakika 4 kila upande. Geuza mara moja tu. Pasua kidogo katikati: nyama ikiwa nyeupe na inaachana kwa mapande, tayari.

Kula na ugali, mchicha na kachumbari. Mchicha uwe na mchuzi kidogo, maana samaki huyu ni mkavu.

Sasa faida ya kujua sababu. Hakuna karanga? Tumia korosho zilizovunjika, huuzwa bei ya chini kuliko nzima. Minofu imekuwa ghali? Nunua sato mzima, mwombe muuzaji akutolee minofu, mifupa na kichwa viwe supu ya kesho. Hatua hazibadiliki.

Kwa wenzangu wa ualimu hili lina uzito zaidi. Tukienda mafunzo kwa vitendo, wengine tutapangiwa shule ambako hakuna mama lishe wala chipsi. Mwalimu aliyelala njaa hafundishi vizuri, hata awe na andalio la somo zuri namna gani. Afadhali tujifunze sasa, tukiwa wanne na kikaango kimoja.

Haya, zamu ya leo ni ya nani?