Kutembea Bila Kufika: Tredmili, Uvivu wa Roho na Abba Paulo



Swali la leo nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja wa VIWAWA: "Frateri, inakuwaje mtu anaanza mazoezi ya tredmili Jumatatu kwa moto wote, halafu kufika Alhamisi mashine imeshakuwa ya kuanikia taulo?" Linaonekana swali la mwili tu, kumbe limeingia ndani zaidi.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui. Mashine hii chimbuko lake ni adhabu. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato kwa ajili ya wafungwa. Walilipanda saa nyingi kwa siku, gurudumu likizunguka chini ya miguu yao, nao wako palepale. Kwenye magereza mengine lilisaga nafaka. Kwingine halikusaga kitu, lilizunguka tu. Mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwaka 1895 miaka miwili na kazi ngumu, naye alilionja. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoliondoa huko Uingereza. Kwa hiyo ukifika dakika ya saba ukajiona kama mfungwa, historia iko upande wako.

Basi mtu huru anapanda humo kutafuta nini?

Likizo hii nipo Mvumi, kilomita 40 hivi kutoka Dodoma mjini, nyumbani kwa baba yangu mdogo. Ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia atembee kwa mwendo wa kuchangamka walau dakika 150 kwa wiki, kiwango kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Mtasema, si atembee nje, na ardhi yote hiyo ya Ugogo? Jaribuni muone. Kwetu hupiti mbele ya mtu kimya kimya. "Mbukwenyi!" Unasimama. Habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, halafu linakuja swali lenyewe: unakwenda wapi? Mtu mzima anayetembea haraka bila jembe wala mzigo, kisha anarudi alikotoka, lazima asemwe. Isitoshe, duka lake analifunga usiku. Ndiyo maana watoto wake walioko Dar wakamletea tredmili ya mtumba, ikawekwa sebuleni.

Wiki ya kwanza alitembea kila siku. Wiki ya tatu akaniambia, "Frateri, mwanangu, mashine hii inaninyima hata raha ya kufika."

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatofautisha matendo ya aina mbili. Kuna tendo linalomtoka mtendaji na kuishia kwenye kitu kingine: fundi anajenga, matokeo yanabaki kwenye nyumba. Na kuna tendo linalobaki ndani ya mtendaji mwenyewe, kama kuelewa na kupenda. Nautumia mfano huu kwa ulegevu kidogo, walimu wangu wa falsafa wanivumilie. Ukitoka Mvumi Makulu kwenda Mvumi Misheni, faida ya mwendo ni kufika. Kwenye tredmili faida yote inabaki kwako. Misuli inayofanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu, na mwili unaendelea kunufaika hata umeshashuka, mara nyingine kwa siku nzima. Ndiyo sababu wenye sukari wanashauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Mwaka 1942 Albert Camus alimchukua Sisifo, yule wa hadithi za Kigiriki anayesukuma jiwe mlimani milele na kila mara linaporomoka, akamfanya mfano wa maisha yetu. Mimi namwambia Camus hivi: Sisifo hapimi sukari asubuhi kabla ya chai. Baba mdogo anapima.

Lakini kujua faida hakutoshi, maana siku hizo zote alikuwa anajua. Hapa ndipo tunakutana na mmoja wa mizizi ya dhambi tuliyokaririshwa katika katekesi: uvivu. Tunadhani mvivu ni anayelala. Evagrio, mtawa wa jangwa la Misri katika karne ya nne, aliueleza vizuri zaidi. Kwake ni pepo wa adhuhuri. Jua linaonekana halisogei. Mtawa anachungulia dirishani kila mara, anakichukia chumba chake, anawaza mahali pengine ambako angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Weka saa ya kwenye kioo cha tredmili mahali pa lile jua, utajiona mwenyewe.

Dawa yake? Yohane Kasiano anasimulia habari za Abba Paulo, aliyeishi mbali sana jangwani. Kazi ya kusuka makuti ndiyo iliyowalisha watawa, ila yeye alikuwa mbali mno na soko, nauli ingezidi bei ya kazi yenyewe. Hata hivyo alisuka kila siku kiasi alichojipangia. Pango likijaa kazi ya mwaka mzima, aliichoma moto yote akaanza upya. Alijua kazi ile inamfanyia nini moyoni, hata kama haiuziki. Nami naona siri yake iko kwenye kile kiasi cha kila siku, kilichopangwa kabla hamu haijaulizwa maoni.

Tukakifanyia kazi. Kwanza, kanga juu ya kioo, saa isionekane. Pili, kipimo kikawa Rozari: makumi matano, taratibu, ni kama dakika 20. Mwendo uwe wa kukuwezesha kutamka Salamu Maria nzima bila kuhema, ukishindwa punguza. Kila kumi analitolea mtu mmoja kwa jina, na hapo ndipo nilipoona mabadiliko, kwa sababu huwezi kushuka kabla ya zamu ya mjukuu wako. Ikikubana sana, shuka bila kuona aibu, umalizie umekaa. Sisemi tamthilia kwenye simu ni dhambi. Ila tamthilia inakusahaulisha kwamba unatembea, na mimi nataka ujue unatembea kwa ajili ya nini. Mtume Paulo anasema hakimbii bila shabaha (someni 1Kor 9:24-27).

Na haya msiyaruke: viatu vinavyokutosha, klipu ya usalama kwenye nguo, na mwenye sukari akague miguu yake kila siku. Anayetumia insulini aongee na daktari kwanza, na awe na kitu cha sukari karibu, maana inaweza kushuka ghafla.

Wengine mnataka mbio zenyewe, najua. Jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya dunia Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa saa ileile, 2:09:48. Sisi tuliona mita za mwisho. Asubuhi zake nyingi za mazoezi hazikuwa na mtangazaji.

Juzi umeme ulikatika baba mdogo akiwa kumi la tatu, Matendo ya Uchungu. Alishuka, akawasha tochi ya simu, akamalizia mawili yaliyobaki akiizunguka meza ya sebuleni.