SOMO: Chama cha Wafanyabiashara wa Chuma Chakavu Kina Kazi Gani?



Nyumba ya zamani ikibomolewa hapa Kimihurura, mabati, mabomba na mageti yake hayatupwi. Mwokotaji humuuzia mnunuzi mdogo, naye humuuzia mwenye ghala, kisha mzigo huenda kiwandani. Kule Rwamagana, kiwanda cha SteelRwa huyeyusha chuma chakavu kikawa nondo, na nondo hurudi kujenga mji. Katika safari hiyo yote, mwokotaji hupata kidogo kuliko wote, na kitu kikiibwa ndiye hushukiwa wa kwanza.

Chama cha biashara hii kina kazi tatu.

Kwanza, kulinda heshima ya kazi. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya umeme ilianguka Kenya na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Wezi wa vyuma walilaumiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu, na marufuku hiyo ikadumu kwa miezi kadhaa. Mwizi na mwaminifu waliadhibiwa pamoja. Chama kinachoandika daftari la nani kauza nini, na kumfukuza mnunuzi wa mali ya wizi, huwapa waaminifu ushahidi wa kujitetea.

Pili, kulinda uhai. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, mashine ya hospitali iliyoachwa iliuzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sumu ya mionzi. Watu wanne walikufa. Hawakujua, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha. Chama hufundisha: betri za magari, mitungi ya gesi na vifaa vya hospitali havipasuliwi ovyo.

Tatu, kusimamia mizani na bei. Mizani ikikaguliwa na bei ikitangazwa wazi, mwokotaji hapunjwi.

Lakini tusichanganye mambo. Chama cha wenye maghala si chama cha wafanyakazi. Kuhusu usalama na wizi, tajiri na kibarua husimama pamoja. Kuhusu mshahara, hukaa pande mbili za meza. Wafanyabiashara wa dunia wana shirika lao, BIR, tangu 1948. Ikiwa wenye mali wameona haja ya kuungana, je, sisi wenye mikono mitupu?

Maswali ya kujadili tawini:
1. Nani hukagua mizani mahali penu?
2. Kibarua akiumia ghalani, nani humsemea?

Umoja ni nguvu.