Sanduku la Tatu Kwenye Kadi: Somo Kuhusu Chanjo ya Homa ya Ini



Katika ziara moja ya kichungaji huko Msimbu, wilayani Kisarawe, tulikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja kijana. Alikuwa akimenya mihogo barazani, na mtoto wake wa miezi mitano amelala kwenye mkeka. Mwenzetu mmoja, ambaye kabla ya kuja seminari alisomea uuguzi, aliomba kuona kadi ya kliniki. Mama akaitoa ndani ya mfuko wa plastiki, imetunzwa vizuri. Dozi ya kwanza ya penta ilikuwa na tarehe. Ya pili ilikuwa na tarehe. Ya tatu, sanduku lilikuwa tupu.

“Hizo alichomwa Dar,” alisema. “Kisha tukahamia huku kwa baba yake, tunalima. Nikasema nikipata nauli nitarudi kulekule. Si ndiko kadi ilikofunguliwa, Frateri?”

Hakuna aliyemwambia hivyo. Alidhani tu. Kadi ya kliniki inapokelewa kwenye zahanati yoyote nchini, na chanjo za watoto hazilipiwi. Tulipomweleza alicheka kwa aibu kidogo, ingawa kwa kweli aibu haikuwa yake. Wangapi kati yetu tulilijua jambo hilo kabla ya siku ile? Ndiyo maana tumeona tuandike somo hili.

Penta ni sindano moja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, magonjwa ya bakteria aitwaye Hib (nimonia na homa ya uti wa mgongo), na homa ya ini B. Mtoto huchomwa mara tatu, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, na mwaka 2009 ikaunganishwa na ile ya Hib. Hayo mengine manne wazazi wengi wanayajua, kwa sababu mtoto mwenye kifaduro anasikika na mwenye pepopunda anaonekana. Homa ya ini ndiyo tunayotaka kukaa nayo, kwa sababu yenyewe haisikiki wala haionekani.

Watu wengi wakisikia homa ya ini hufikiri macho ya njano. Zipo aina kadhaa. A na E huja kwa maji na chakula kichafu, na mara nyingi mgonjwa hupona kabisa. B na C huja kwa damu na majimaji ya mwili. D humpata tu mwenye B. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3 katika mwaka huo mmoja, wengi wao kwa B. Hawakufa wiki waliyoambukizwa. Kirusi hukaa kimya miaka 20, 30 au zaidi, kisha ini husinyaa au hupata saratani, mara nyingi mtu akiwa katika umri wa kulea na kusomesha.

Na hapa pana jambo ambalo tungependa msomaji alishike kuliko mengine yote. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mwili wake kwa kawaida huishinda. Wanaobaki nayo maisha yao yote hawafiki 5 kati ya 100. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa au katika mwaka wake wa kwanza, mambo hugeuka: kati ya watoto 10, kama 9 hivi hubaki nayo. Kwa hiyo ugonjwa unaomuua baba wa miaka 45 pengine uliingia mwilini mwake kabla hajajua kutambaa. Ndiyo maana chanjo inawahi utotoni, na ndiyo maana sanduku tupu kwenye kadi ya mtoto wa miezi mitano si jambo dogo.

Je, inafanya kazi? Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Watafiti walipohesabu baadaye waliona kuwa saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Yaani chanjo ya mkononi au ya pajani ilizuia saratani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ulimwengu kuona jambo hilo.

Sasa turudi Msimbu na kufanya hesabu, kwa kuwa elimu ya kufuatilia mienendo ya magonjwa, yaani epidemiolojia, ni hesabu kwanza. Kiwango cha chanjo ni sehemu tu: kiasi ni watoto waliochanjwa, asili ni watoto waliostahili kuchanjwa. Shida haiko katika kugawanya. Iko katika kujua kiasi ni nani na asili ni nani.

Tuchukue kijiji cha mfano (namba hizi ni zetu, za kufundishia tu). Zahanati inategemea watoto 40 kwa mwaka, kwa makadirio yaliyotokana na sensa iliyopita. Mwaka ukiisha, daftari linaonyesha dozi za tatu 42. Sawa na asilimia 105! Mganga anapongezwa. Lakini tukipita nyumba kwa nyumba tunakuta watoto waliozaliwa ni 50, kwa sababu sensa ilifanyika kabla watu wa mjini hawajaanza kununua viwanja na mashamba huku. Na kati ya zile dozi 42, sita ni za watoto waliotoka kwingine, kama yule wa mama wa mihogo. Wa kijijini ni 36. Gawanya kwa 50: asilimia 72. Watoto 14 hawajakamilisha, na taarifa imesema wamezidi.

Ukichimba zaidi, kati ya 50 hao, 45 walipata dozi ya kwanza. Watano hawakufika kabisa. Tisa walifika kisha wakaachia njiani. Tisa kwa 45 ni asilimia 20. Wataalamu huona kwamba ikivuka asilimia 10 kuna kitu hakiendi. Makundi haya mawili hayana dawa moja. Wale watano huenda nyumba zao ziko mbali na barabara, masika ikinyesha hakuna bodaboda inayofika, au baba amekataa. Wale tisa mama zao waliikubali chanjo tangu mwanzo. Kuwahubiria umuhimu wa chanjo ni kupoteza Jumapili. Wanachohitaji ni tarehe, nauli na kuambiwa kwamba kadi haina mwenyewe.

Tatizo hili si la kijiji chetu cha kubuni peke yake. Ndiyo sababu taifa hufanya pia utafiti wa kaya, ambapo wadadisi hupita majumbani na kusoma kadi zenyewe. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 75 kati ya 100 wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi. Mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na sanduku tupu mahali fulani.

Liko pengo jingine. Ratiba inayoanza wiki ya 6 haimfikii mtoto aliyeambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kwanza. Kwa Afrika nzima, mwaka 2022 ni watoto 18 tu kati ya 100 walioipata. Mama anayejifungulia nyumbani, hata pale dozi hiyo inapopatikana, hawezi kuifikia kwa wakati. Kina mama wa WAWATA wanaotembelea wajawazito wanaweza kusaidia hapa kuliko mtu yeyote: wawahimize kuhudhuria kliniki mapema, waulize kuhusu kipimo cha homa ya ini, wajifungulie mahali penye mhudumu.

Tumeulizwa kwenye jumuiya kama chanjo hii inatokana na mimba zilizotolewa. Swali ni la haki, na jibu ni hapana. Inatengenezwa kwa hamira, jamaa ya ileile inayoumua maandazi. Hamira hupewa maelekezo ya kutengeneza ganda la nje la kirusi, kisha ganda hilo husafishwa. Hakuna kirusi kizima ndani yake, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu homa ya ini.

Na sisi wenyewe? Frateri aliyezaliwa mwaka 1999 alikulia kabla chanjo hii haijaingia katika ratiba. Mdogo wake wa mwaka 2005 huenda aliipata. Wamelala bweni moja. Kati ya mwaka 2004 na 2005, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipimwa damu ya wachangiaji 1,599, na 8.8 kati ya kila 100 walikutwa na homa ya ini B. Wachangia damu si picha kamili ya jamii, lakini kumbuka: hao ni watu waliokuja wakijiona wazima. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ni ya Kanisa, wahudumu wake karibu 600 walipimwa na asilimia 7 wakakutwa nayo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015. Kwa mtu mzima njia ni kupima kwanza. Asiye nayo anachanjwa mara tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita.

Kirusi hiki huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 hata zaidi. Kwa hiyo tuseme wazi jambo la bwenini: ile mashine moja ya kunyolea inayozunguka Jumamosi kabla ya Misa ya Jumapili, na wembe unaoazimwa, viishe. Kila mtu na wake. Na huko vijijini wembe wa jando ni uleule mmoja kwa kijana mmoja, basi.

Lakini haiambukizi kwa sahani, kikombe, kushikana mikono wala kukumbatiana. Tunajua kijana aliyetengewa kikombe chake baada ya majibu yake kuvuja, na aliyeacha kula na wenzake kabla hata hajamwona daktari. Aliyekutwa nayo anahitaji kupimwa hali ya ini. Wengine hufuatiliwa tu, wengine hupewa vidonge vinavyokizuia kirusi. Hahitaji zile chupa za “kusafisha ini” zinazouzwa stendi, ambazo nyingine zinaweza kuliumiza ini lenyewe.

Mama yule wa Msimbu alikwenda zahanati wiki iliyofuata, mtoto akachomwa. Katika daftari la huku ameingia kama dozi ya tatu isiyo na ya kwanza. Kule Dar bado anahesabiwa kuwa mtoto aliyepotea njiani.