BONDE LA CHUNGU NA KILELE CHA MLIMA
Somo katika habari za chungu wa Kisiwani, Upare

Sura ya 27 ya Kurani Tukufu yaitwa An-Naml, yaani Chungu, kwa habari ya Nabii Suleiman, alayhi s-salaam, na majeshi yake walipolifikia bonde la chungu. Wafasiri wamekhitalifiana mahali pa bonde hilo: wako wasemao ni Sham, na wako wasemao ni Taif. Haifai kuigeuza Aya kuwa kitabu cha elimu ya wadudu. Lakini mwenye kuuliza kwa nini chungu huwa wengi mabondeni kuliko vileleni, atapata jawabu kwa kuutazama mlima mmoja tu.

Mlima huo na uwe wa Upare ya Kusini. Chini yake, upande wa mashariki, katika wilaya ya Same, pana mji uitwao Kisiwani. Mtu wa pwani asikiapo jina hili hutazamia bahari, na bahari hapana. Mbele yake ni nyika kavu ya Mkomazi, iliyotengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1951 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Nyuma yake mlima wapanda hata msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462, yaani futi 8,000 na ushei.

Kwanza ijulikane chungu ni nani. Mchwa si chungu, ijapokuwa wengi huwachanganya. Mchwa ni jamaa ya mende, na chungu ni jamaa ya nyuki na nyigu. Ama sisimizi, siafu na majimoto, hao wote ni chungu.

Chungu hana joto la mwili wake mwenyewe. Hulipata kwa ardhi na hewa. Watoto wake hawakui upesi ila penye vuguvugu, na ardhi ikiwa baridi hatoki kutafuta riziki. Na hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi baina ya uwanda wa Kisiwani na Shengena khitilafu yake ni kama digrii 10.

Majimoto wajulikana na kila mwenye mnazi Unguja na Mrima. Ndio washonao majani kwa uzi utokao katika watoto wao, na katika miaka ya 1950 wataalamu waliwaangalia sana Unguja, kwa kuwa humlinda mnazi na mdudu afyonzaye nazi changa zikapukutika. Hao ni wa nchi za joto. Msitu wa baridi si makao yao. Siafu ni mbali nao: wapenda ardhi yenye unyevu, na safu zao zimeonekana hata katika misitu ya Mlima Kenya.

Kilimanjaro, jirani wa Upare, umepimwa kwa uangalifu na Mjerumani Marcell Peters na wenzake, kutoka nyanda za chini hata mita 4,500 na zaidi, na habari zao zikachapwa mwaka 2014 na 2016. Waliona aina za chungu zapungua kadiri mtu apandavyo, na kwamba joto ndilo lenye nguvu kubwa katika jambo hili.

Lakini asidhani mtu kuwa hali ni hiyo kila mahali. Katika misitu ya mvua ya Bukini, Brian Fisher alikuta aina nyingi zaidi kwenye kiuno cha mlima, kadiri ya mita 800, kuliko chini. Na katika milima mikavu ya Nevada, Marekani, aina ziliongezeka kwa kupanda, kwani joto bila ya maji halitoshi. Neno hili lawahusu sana watu wa Kisiwani, ambao uwanda wao ni mkavu. Mwenye kuhesabu chungu huko asiruke kutoka nyika hata kilele. Asimame katikati, penye vijito, migomba na tangawizi.

Tena msitu wa juu ni kisiwa kweli kweli: baridi na ukungu vilivyozungukwa na jua. Yuko ndege mdogo mwenye duara nyeupe machoni asiyepatikana duniani ila katika Upare ya Kusini. Dunia ikizidi joto, chungu wa uwanda ana mlima wa kupandia. Wa Shengena hana. Na moto wa kusafishia shamba ukipotea msituni, hauchagui. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kijiji chao kichomwe, akalaumiwa kwa kuangamiza umma mzima.

Ama njia ya kuhesabu ni nyepesi. Kila mita 200 za kupanda huwekwa karatasi mbili, moja ya sukari na moja ya samaki, saa tatu asubuhi siku isiyo mvua. Baada ya nusu saa huandikwa aina zilizokuja, pamoja na joto la ardhi. Karatasi isiyojiwa na chungu nayo huandikwa.