Kutafuta Nyufa za Mwamba kwa Nguvu za Umeme

Mtu achimbaye kisima katika nchi ya mwamba mgumu hana budi kufahamu jambo moja kwanza: mwamba ulio mzima haushiki maji. Katika sehemu kubwa za Machakos, Makueni na Kitui, chini ya udongo pana mwamba wa kale sana wa namna ya gnaisi na graniti. Maji hukaa katika tabaka la juu la mwamba huo, lililolainika na kuvunjikavunjika, na katika nyufa zilizoupasua. Kisima kilichokosa ufa huweza kuwa kikavu, hali kingine kilicho karibu nacho kina maji tele. Nao wenye mtambo wa kuchimba hudai malipo ya kazi yao, maji yapatikane yasipatikane. Basi wanakijiji wakikosea mahali, fedha walizochanga kwa muda mrefu huzikwa shimoni.

Umeme husaidiaje?

Mwamba mzima huuzuia umeme usipite. Lakini maji ya ardhini yana chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake, na maji ya namna hiyo huupitisha umeme. Kipimo cha uzuiaji huo huitwa ukinzani, nacho huhesabiwa kwa ohmu-mita. Ukinzani wa gnaisi nzima huweza kufika maelfu. Mwamba huo ukiwa umepasuka na kulowa maji, hesabu hushuka hata kuwa mamia tu, au pungufu. Ufa mkavu uliojaa hewa haupunguzi ukinzani, bali huuongeza.

Njia hii si ngeni. Mfaransa Conrad Schlumberger alifanya majaribio ya kupima ardhi kwa umeme huko Normandy mwaka wa 1912, na miaka michache baadaye Mmarekani Frank Wenner alieleza mpango wa vigingi vinne utumikao hata leo.

Jinsi ya kupima

Vigingi vinne vya chuma hupigwa ardhini katika mstari mmoja, nafasi baina yao ikiwa sawasawa. Umeme wa betri hupitishwa ardhini kwa vigingi viwili vya nje, na volti hupimwa baina ya viwili vya ndani. Volti hugawanywa kwa ampea; jibu huzidishwa kwa nafasi iliyo baina ya kigingi na kigingi, kisha kwa 6.28.

Tufanye mfano. Nafasi ni mita 20, umeme ni ampea 0.1, na volti ni 1. Moja ukigawanya kwa 0.1 ni 10, mara 20 ni 200, mara 6.28 ni ohmu-mita 1,256. Vigingi vyote vikisogezwa mbele, na ampea zikiwa zile zile, huenda volti zikashuka kuwa 0.2. Hapo jibu ni ohmu-mita 251. Mahali hapo pastahili kuchunguzwa.

Nafasi baina ya vigingi ikiongezwa, umeme hushuka chini zaidi. Kwa hiyo mpimaji akirudia kupima mahali pamoja kwa nafasi kubwa zaidi na zaidi, hupata habari za matabaka ya chini.

Mambo yadanganyayo

Msomaji asidhani kuwa chombo hiki huyaona maji. Hupima ukinzani tu. Udongo wa mfinyanzi nao una ukinzani mdogo, na maji ya chumvi yasiyonyweka hali kadhalika. Bomba la chuma lililofukiwa, au ua wa nyaya, huweza kuharibu hesabu zote.

Kwa sababu hiyo mstari mmoja hautoshi. Hupimwa wa pili kando yake, kisha wa tatu, yote ikiukata upande ambao ufa wadhaniwa kuelekea. Mahali penye hesabu ndogo hutiwa alama katika ramani. Alama zikifuatana mstari mmoja, yaelekea kuwa pana ufa mrefu. Zikitawanyika ovyo, huenda ni mifuko ya mfinyanzi tu. Kisha mpimaji hulinganisha na mambo yaonekanayo kwa macho: kijito kinachonyooka ghafula, safu ya miti mibichi wakati wa kiangazi, na visima vya jirani.

Maswali ya kuuliza

Katika Kenya, kisima cha mtambo hakichimbwi bila idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti ya mtaalamu mwenye leseni yahitajiwa. Ripoti hiyo isiwekwe sandukuni bila kusomwa. Wanakijiji na wamwulize mtaalamu maswali matatu. Amepima mistari mingapi? Je, mahali alipopachagua pameonekana katika mistari zaidi ya mmoja? Na ni jambo gani limwonyeshalo kuwa si mfinyanzi?

Mtaalamu mwaminifu hataahidi maji kwa yakini. Atasema ni wapi penye tumaini kubwa, na kwa sababu gani. Asiyeweza kueleza sababu, heri apime tena kabla ya mtambo kuitwa.